Stroberi za nyumbani: kwa nini mche huzaa mara moja kisha hubaki majani matupu

Malalamiko kuhusu stroberi za nyumbani, hasa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, hufanana mno. Mche ulinunuliwa ukiwa na maua, ukazaa matunda machache mazuri, kisha ukanawiri: majani mapana, marando yanayoning'inia nje ya ndoo, na ua halionekani tena. Mwenye mche huongeza mbolea. Majani yanazidi. Mwisho lawama humwendea muuza miche.

Mara nyingi muuza miche hana kosa, na mbolea haikuwa tatizo. Maua yale ya kwanza hayakuanzia pwani. Yalianzia kitaluni, huko Lushoto, Arusha au Limuru, wiki kadhaa kabla mche haujapakiwa kwenye basi. Ua la stroberi huanza likiwa kichomozo kidogo kisichoonekana ndani ya moyo wa mche, yaani ile sehemu fupi na nene iliyo kati ya mizizi na majani. Kichomozo cha moyoni kinaweza kuwa ua, jani au rando, na kinachoamua zaidi ni ubaridi wa usiku pamoja na urefu wa mchana. Mche ulioteremshwa pwani hutoa maua uliyokuja nayo. Akiba hiyo ikiisha, joto linauamuru utoe majani na marando tu.

Ukilielewa jambo hili, sehemu kubwa ya ushauri unaogongana mtandaoni inanyooka yenyewe.

Mchana wa saa 12 na usiku wa baridi

Pakiti na miongozo ya Ulaya na Marekani hugawa stroberi katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza hutengeneza maua pale tu mchana unapokuwa mfupi, chini ya saa 14 hivi. Kule huzaa kwa wiki chache mwanzoni mwa kiangazi, kisha basi. Kundi la pili halijali urefu wa mchana, hivyo huzaa kwa vipindi msimu mzima. Tabia hiyo ya pili ilitoka kwa stroberi mwitu za milima ya Wasatch, jimbo la Utah, ambazo Royce Bringhurst wa Chuo Kikuu cha California alizichukua mwaka 1955 na kuanza kuzipandisha na aina za shambani.

London mgawanyo huo una maana kubwa, kwa sababu mchana wake hupanda kutoka chini ya saa 8 mwezi Desemba hadi zaidi ya saa 16 mwezi Juni. Nairobi, tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa wa mwaka haifiki hata robo saa. Dar es Salaam haifiki saa moja. Kwa stroberi ya kundi la kwanza, kila siku ya Afrika Mashariki ni siku fupi. Ndiyo maana Chandler, aina iliyotolewa California mwaka 1983 na ambayo kwao ina msimu wake, inaweza kuzaa Limuru kwa sehemu kubwa ya mwaka. Camarosa iko kundi moja nayo. Albion na San Andreas ni za kundi la pili. Zote ni nzuri, lakini usilipe bei ya juu kwa sababu tu umeambiwa aina fulani "huzaa mwaka mzima". Karibu na ikweta sifa hiyo ina uzito mdogo kuliko inavyotangazwa.

Kwetu mwamuzi ni joto. Stroberi hupenda mchana wa nyuzi 18 hadi 24 za Sentigredi na usiku wa nyuzi 10 hadi 15. Mchana ukipita 30 na usiku ukabaki juu ya 20 kwa wiki mfululizo, makundi yote mawili hupunguza maua au huacha kabisa, na matunda yanayopatikana huwa madogo na laini.

Kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo kuanzia mita 1,400 kwenda juu, Lushoto, Arusha, Iringa, Mbeya, Njombe, Nairobi, Kigali, Goma, Bukavu, stroberi inaweza kukaa nje mwaka mzima. Kati ya mita 1,000 na 1,400, kama Mwanza, Dodoma au Kampala, itazaa, ila vizuri zaidi miezi ya ubaridi na ikipata kivuli cha mchana. Pwani ni zao la msimu. Dar es Salaam, usiku wa Julai hushuka hadi karibu nyuzi 19, wakati Februari hubaki 24 au 25. Dirisha ni Juni hadi Septemba. Nunua miche mikubwa yenye maua kutoka nyanda za juu mwezi Mei au mwanzoni mwa Juni, ivune, na isikuumize ikichoka Oktoba. Hiyo si kushindwa kulima. Ni sawa na anayepanda maua ya msimu. Walioko Muscat wana dirisha lao pia, Novemba hadi Machi, na hilo kwa hakika ni refu kuliko la Dar.

Mbegu au miche?

Miche. Stroberi ya dukani ni chotara: mama yake ni stroberi ya Chile yenye matunda makubwa, baba yake ya mashariki ya Amerika Kaskazini, na walikutana katika bustani za Ufaransa karne ya 18. Ukipanda mbegu zilizo juu ya tunda ulilonunua, kila mche utakuwa na tabia yake, na mingi itazaa matunda hafifu kuliko tunda ulilokula. Ukitaka kujaribu kwa ajili ya kujifunza, weka mbegu kwenye friji wiki tatu hadi nne zikiwa kwenye karatasi yenye unyevu, kisha zimwage juu ya udongo laini bila kuzifukia, maana zinahitaji mwanga ili ziote. Subiri wiki mbili hadi nne, na miezi mingi zaidi kabla ya tunda. Zile mbegu za "stroberi za bluu" zinazouzwa mtandaoni ni utapeli. Stroberi ya bluu haipo.

Mche mzuri una moyo mnene angalau kama kalamu, majani matatu au manne yasiyo na madoa, na mizizi myeupe au ya rangi ya majani makavu. Mizizi myeusi inayovunjika ni dalili ya kuoza. Pasua moyo wa mche mmoja kwa kisu kabla hujanunua mingi: ndani panapaswa kuwa peupe. Wekundu au hudhurungi ndani ni ugonjwa, na utauleta nyumbani.

Udongo, chombo na ule udanganyifu wa kokoto

Sehemu kubwa ya mizizi ya stroberi iko kwenye sentimita 15 hadi 20 za juu. Haihitaji kina kikubwa, lakini haivumilii kukauka wala kutuamiwa na maji. Kwenye ardhi, tengeneza tuta la upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 20 hadi 30, changanya kilo 5 za samadi ya ng'ombe iliyoiva kwa kila mita ya mraba, na panda kwa nafasi ya sentimita 30 kila upande. Samadi ya kuku itumike nusu ya hapo au chini, na iwe imekaa miezi kadhaa. Ikiwa mbichi huunguza mizizi.

Kwa ndoo, ujazo wa lita 10 unatosha miche miwili, ndoo ya rangi ya lita 20 miche minne. Toboa matundu sita hadi manane ya upana wa sentimita 1 chini. Changanya udongo tifutifu sehemu mbili, mboji au samadi iliyoiva sehemu moja, na pumba za mpunga au mchanga wa mtoni sehemu moja. Mchanga wa baharini usiuguse hata uoshwe vipi.

Desturi ya kuweka tabaka la kokoto chini ya ndoo iachwe. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto. Hujikusanya juu ya tabaka hilo, na eneo la unyevu mwingi linapanda karibu zaidi na mizizi. Kipande cha neti juu ya matundu kinatosha kuzuia udongo usitoke.

Yale mabomba ya PVC ya inchi 4 yaliyotundikwa ukutani hupendeza kwenye picha. Yakijazwa udongo, hushika kidogo mno, hupata joto upesi na kukauka kabla ya saa nane mchana. Yanafaa kwa mfumo wa maji yanayozunguka. Kwa udongo, gunia au ndoo ni bora, na ndoo nyeupe ni bora kuliko nyeusi kwa sababu haipikwi na jua.

Jivu la jikoni ni kosa jingine la nia njema. Stroberi inataka udongo wenye uchachu kidogo, pH 5.5 hadi 6.5. Jivu hupandisha pH, na hapo mche hushindwa kunyonya madini ya chuma hata kama yamejaa udongoni: majani machanga huwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Watu wengi wakiona hivyo huongeza jivu.

Kupanda: sentimita moja inayoua

Panda jioni. Kata mizizi iliyozidi sentimita 15, iloweke kwenye maji kwa nusu saa, kisha chimba shimo refu la kutosha mizizi ining'inie wima. Ikikunjwa kuelekea juu, mche hudumaa. Halafu kipimo kinachoamua: mizizi yote iwe chini ya udongo, na moyo uwe usawa wa udongo, sehemu yanakotokea majani ikibaki wazi. Ukizika moyo, unaoza ndani ya wiki mbili, mvua ikiwepo hata mapema. Ukiuacha juu, mizizi mipya inayotokea pembeni mwa moyo hukauka kabla ya kugusa udongo. Kwa sababu udongo mpya hushuka baada ya kumwagiliwa, kagua tena siku inayofuata na urekebishe.

Tandaza nyasi kavu au pumba za mpunga, unene wa sentimita 3 hadi 5, bila kufunika moyo. Matandazo hupunguza joto la udongo, hushika unyevu na huzuia tunda kulala kwenye tope.

Kwa wiki nne hadi sita za kwanza nyofoa kila ua na kila rando. Ni vigumu kuvumilia, lakini mche mdogo unaobeba matunda hauongezi mizizi, na unaishia kuwa mdogo daima. Kanuni hii ni ya nyanda za juu tu. Pwani usinyofoe ua lolote, kwa sababu iliyoelezwa mwanzoni: hakuna jingine linalokuja kuziba nafasi yake.

Mche unahitaji jua la saa 6 hadi 8. Pwani na sehemu za joto, weka neti ya kivuli cha asilimia 30 kuanzia saa tano hadi saa tisa, na jua la asubuhi liachwe liingie lote.

Maji, na chumvi isiyoonekana

Tuta linahitaji kama lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki, hadi 35 wakati wa kiangazi kikali. Ndoo yenye miche miwili hunywa nusu lita hadi lita moja kwa siku. Ingiza kidole sentimita 3. Pakiwa pakavu, mwagilia. Mwagilia asubuhi, udongoni, si juu ya majani.

Lakini swali kubwa zaidi ni maji ya aina gani. Stroberi ni miongoni mwa mazao yasiyovumilia chumvi kabisa. Wataalamu wa udongo hupima chumvi kwa desisimensi kwa mita: nyanya huanza kupungukiwa na mavuno ikifika 2.5, stroberi ikifika 1. Visima vingi vya pwani huvuka kiwango hicho bila shida, na maji ambayo mchicha unayanywa kwa furaha yanaweza kuua stroberi polepole. Dalili huanzia kwenye kingo za majani yaliyokomaa: hukauka na kuwa kahawia kama karatasi iliyopitishwa motoni, huku katikati pakiwa kijani. Udongo wa ndoo huota ukoko mweupe juu. Mwenye mche huona ukavu, akaongeza maji yale yale, na kila lita inaongeza chumvi, kwa kuwa maji hupaa hewani na chumvi hubaki.

Dawa ni maji ya mvua. Paa la mita 10 za mraba likipata mvua ya milimita 20 hutoa zaidi ya lita 150, hata baada ya kutoa yanayopotea. Miche kumi kwenye ndoo tano itayanywa kwa mwezi mzima au zaidi. Usipokuwa nayo, tumia ya bomba, na kila wiki mbili mwaga maji mengi mara moja, kiasi cha mara mbili ya ujazo wa ndoo, yatoke chini na kubeba chumvi iliyokusanyika.

Mbolea za viwandani nazo ni chumvi. Kijiko kimoja cha chai cha NPK 17:17:17, kama gramu 5, kwenye lita 10 za maji, nusu lita kwa mche kila wiki mbili, kinatosha kwa ndoo. Punje zisizoyeyuka usizimwage kwenye ndoo. Urea na CAN, yaani mbolea za nitrojeni, zikizidi huleta majani makubwa, matunda laini yasiyo na utamu, na vidukari. Mche ukianza kuzaa, salfeti ya potasiamu ni bora kuliko kloridi ya potasiamu, maana kloridi nayo hauipendi. Maji ya maganda ya ndizi hayana madhara, ila usitegemee yafanye kazi ya mbolea.

Tunda lenye umbo la ajabu

Vile vitu vidogo juu ya stroberi tunavyoviita mbegu, kibotania ndiyo matunda yenyewe, kila kimoja na mbegu yake ndani. Nyama nyekundu ni kitako cha ua kilichovimba. Na kinavimba kwa amri ya vitunda hivyo: kila kimoja kikichavushwa hutoa homoni inayoifanya nyama iliyo chini yake ikue. Mwaka 1950 mtafiti Jean Nitsch alionyesha kwamba ukiving'oa vyote mapema, kuvimba kunasimama. Ukiacha mstari mmoja, ni sehemu hiyo tu inayovimba.

Kwa hiyo tunda lililobonyea upande mmoja, au lenye ncha ngumu ya kijani iliyojaa mbegu zilizosongamana, kwa kawaida linaonyesha uchavushaji uliokatika. Upepo na nyuki hufanya kazi hiyo nje. Barazani ghorofa ya nne, au ndani ya neti iliyofungwa pande zote, hakuna wa kuifanya. Chukua brashi laini ya rangi, saa nne asubuhi ua likiwa kavu, zungusha kuanzia kwenye stameni za pembeni, yaani vijiti vyenye chavua, ukipanda hadi kileleni mwa kitako cha ua, siku mbili au tatu mfululizo kwa kila ua. Na usipige dawa ya wadudu maua yakiwa wazi. Kutoka ua hadi tunda jekundu hupita wiki nne hivi, pungufu kukiwa na joto, zaidi kwenye baridi ya Julai.

Wanaokula kabla yako

Utitiri ndio adui wa kiangazi. Majani hupata vidoa vidogo vya njano kisha rangi ya shaba, na chini yake kuna utando mwembamba. Pulizia maji kwa nguvu chini ya majani kila baada ya siku tatu, au mililita 5 za sabuni ya maji kwa lita moja, jioni. Viuatilifu vikali vya jumla huzidisha tatizo kwa kuwa huua wadudu wanaowinda utitiri, na wenyewe unasalia.

Ukungu wa kijivu ndio adui wa masika. Vimelea vyake huingia wakati wa ua, hulala, kisha huchomoza tunda linapoiva, ndiyo maana kupiga dawa juu ya tunda lililooza ni kupoteza fedha. Kinachosaidia ni paa la nailoni angavu juu ya tuta, nafasi kati ya miche, na kuondoa kila tunda bovu na jani kavu siku hiyo hiyo. Ubwiri unga, yaani unga mweupe chini ya majani yanayojikunja kwenda juu, hutokea hata bila mvua. Punguza majani yaliyosongamana. Koa waokote usiku kwa tochi. Ndege wanahitaji neti, na iwekwe kabla tunda halijageuka rangi, maana wakishaonja hawaachi.

Kuvuna na kuanza upya

Stroberi haiivi baada ya kuchumwa. Inaweza kuongeza wekundu mezani, lakini sukari haiongezeki. Subiri hadi wekundu ufike mabegani, chini kabisa ya kikonyo, kisha kata asubuhi ukiacha kikonyo cha sentimita 1. Pita kila baada ya siku mbili. Usioshe mpaka wakati wa kula. Zikiwa kavu kwenye friji hukaa siku tatu hadi tano. Mche uliotunzwa vizuri nyanda za juu huweza kutoa robo hadi nusu kilo kwa mwaka.

Mwaka wa pili ndio wa mwisho kwa miche mingi, wa tatu ukiwa na bahati, kwa sababu moyo huzeeka na virusi vinavyoletwa na vidukari hujilimbikiza. Andaa warithi mapema. Chagua mche mama mmoja au miwili iliyozaa vizuri, inyofoe maua yote ili iache marando. Kwenye rando, kifundo cha kwanza kwa kawaida huwa kitupu. Mche mdogo hutokea kwenye cha pili. Ubane kwa waya uliopindwa juu ya kikombe chenye udongo, mwagilia, na baada ya wiki tatu hadi nne ukate. Mama mwenye majani yaliyojikunja au yenye mabaka ya njano asitumike, maana watoto wake watazaliwa nao ugonjwa huo huo.

Miche mipya iende kwenye udongo mpya. Usiipande palipokuwa na nyanya, bilinganya, viazi mviringo au pilipili katika miaka mitatu iliyopita, kwani zinashiriki ugonjwa wa mnyauko unaoishi udongoni. Kwa ndoo ni rahisi zaidi: udongo wa zamani mwaga kwenye mahindi au migomba, sugua ndoo kwa sabuni, ianike juani siku mbili, ujaze upya.